Namna ya kuwaondoa nyuki watoboa mbao katika nyumba ya mbao

Mtu anayeishi Goma, mashariki mwa Kongo, katika nyumba ya mbao huufahamu mlio huu hata kabla ya kumjua anayeutoa. Asubuhi, jua likishapanda, mvumo mzito hupita karibu na sikio, kisha kimya, kisha mahali fulani juu ya dirisha husikika mkwaruzo mwembamba kama wa mtu anayekwangua ubao kwa ukucha. Baada ya siku chache unga wa mbao huonekana kwenye kizingiti, na ukiinua macho unaona tundu la mviringo lililokatwa vizuri kiasi cha kudhani kwamba fundi amepitisha hapo mashine yake ya kutobolea. Huyo ni nyuki mtoboa mbao, ambaye wengine humwita nyuki seremala, na wataalamu wa wadudu huiita jamii yake Xylocopa.

Mji wetu umemwekea makao mengi. Lava ya volkeno ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na familia nyingi zilijenga upya kwa mbao juu ya jiwe lililopoa, kwa kuwa mbao ni nyepesi, husimamishwa haraka na hazidai msingi mzito. Sehemu kubwa ya mbao hizo haijawahi kuguswa na rangi. Jua na mvua huzipausha na kulainisha uso wake, na ubao wa namna hiyo ndio ambao nyuki huyu huutafuta.

Naandika mwongozo huu kwa sababu nimeona watu wengi wakimpiga vita kwa njia zinazoiumiza nyumba kuliko yeye anavyoiumiza, na kwa sababu mimi pia nilianza hivyo. Jambo la kushika ni mpangilio wa kazi: kwanza nyuki atoke, ndipo tundu lizibwe, na baada ya hapo ubao upakwe rangi. Anayeugeuza mpangilio huu atairudia kazi ileile msimu baada ya msimu.

Hatua ya kwanza: kuhakikisha kuwa ni yeye

Usichukue nyundo wala dawa kabla ya kujua unashughulika na mdudu gani, kwa maana mbao zetu zina maadui zaidi ya mmoja. Nyuki mtoboa mbao ni mkubwa na mnene, mgongo wa sehemu yake ya nyuma ni mtupu na unang’aa, na jike kwa kawaida ni mweusi, wakati mwingine akiwa na mkanda wa manjano au mweupe kiunoni. Dume wa baadhi ya aina zake ni wa rangi ya manjano, hata watu hudhani ni mdudu mwingine kabisa. Tundu lake lina upana wa kidole cha mtu, yaani kati ya sentimita 1 na 1.5, na unga unaodondoka chini yake ni mnene kama ule wa msumeno. Chini ya tundu ubao huwa na michirizi ya kahawia au manjano, ambayo ni choo chake.

Ukiona njia za udongo zikipanda ukutani, hao ni mchwa, na dawa yao ni nyingine. Ukiona vitundu vidogo kama vya sindano nene, vikitoa unga laini kama wa muhogo, hao ni wadudu wadogo wanaokula mbao kutoka ndani. Na ukiona kundi la nyuki wengi wakiingia na kutoka kwenye ufa mmoja wa ukuta au chini ya manjanja, yaani mabati ya paa, hao ni nyuki wa asali: usiwaguse, usiwapulizie moshi wala maji, bali mwite mtu anayefuga nyuki, kwa sababu kundi lililokasirika linaweza kuua mtu.

Mtoboa mbao haishi katika kundi kama hilo. Mara nyingi jike mmoja huchimba nyumba yake, na pengine mabinti zake hubaki naye kwa muda. Yule anayekuja mbele ya uso wako, akasimama hewani na kukutazama kana kwamba atakuchoma machoni, kwa kawaida ni dume anayelinda eneo lake, na dume hana mwiba kabisa. Jike anao, lakini huutumia akishikwa mkononi au akibanwa. Nasisitiza hili kwa ajili ya wazazi, kwa kuwa nimeona mtoto akianguka kutoka kwenye ngazi ya mawe akimkimbia dume asiyeweza kumdhuru.

Hatua ya pili: kuelewa kilichomo ndani ya tundu

Hapa ndipo nilipokosea mwaka wa kwanza. Niliona matundu manne kwenye ubao unaozunguka ukingo wa paa, nikanunua mastiki ya vioo, ile ya kuzibia kando ya vioo vya madirisha, nikayaziba yote saa sita mchana na kushuka nikiwa nimeridhika. Siku ya tatu kulikuwa na tundu jipya karibu na moja la yale niliyoyaziba, na baada ya wiki kadhaa mawili mengine yalifunguka kutoka ndani. Nilimwomba fundi aung’oe ubao ule, tukaupasua kwa urefu pamoja, na tangu siku hiyo nilielewa kazi ilivyo.

Tundu huingia moja kwa moja kwa kina cha kidole, kisha hupinda na kufuata nyuzi za mti, kulia au kushoto au pande zote mbili, kwa urefu wa sentimita 15 hadi 30. Njia inayotumiwa na vizazi kadhaa huwa ndefu zaidi, yenye matawi. Ndani yake tulikuta vyumba vilivyofuatana kama mbegu ndani ya ganda la haragi, kila kimoja kikitengwa na kingine kwa ukuta mdogo wa unga wa mbao uliokandamizwa. Katika kila chumba kulikuwa na donge la manjano lililochanganywa chavua na utamu wa maua, lenye harufu ya asali iliyochacha kidogo, na juu ya donge moja lilikuwapo yai jeupe lililopinda, kubwa kuliko punje ya mchele. Mayai ya nyuki hawa huhesabiwa miongoni mwa makubwa kuliko yote ya wadudu, na ndiyo maana jike hutaga machache tu.

Mafundisho ya ubao ule ni matatu. Kwanza, nyuki huyu hali mbao. Huichimba tu, na unga huutupa nje. Pili, ukiziba mlango huku mama yumo ndani au watoto wanakua, hao watatoboa njia nyingine, kwa sababu meno yaliyochimba mti mkavu hayashindwi na mastiki. Tatu, nyumba ya zamani hutumiwa tena, ikapanuliwa. Tundu lililoachwa wazi mwaka huu ni mwaliko wa mwaka ujao.

Hatua ya tatu: kukagua nyumba nzima

Zunguka nyumba asubuhi jua likishapata joto, kwa maana wakati huo huwa wanatoka. Anza na ubao wa ukingo wa paa, kisha ncha za sheveroni, yaani boriti za paa, zinazotokeza nje, fremu za milango na madirisha, nguzo za baraza, mlango wa choo, na ile mihimili ya kukaushia nguo. Usisahau chini ya mbao, yaani upande usioonekana ukiwa umesimama wima. Wao huupenda kwa sababu mvua haiufikii. Kila tundu liwekee alama ya chaki.

Baada ya hapo, gonga ubao kwa mpini wa nyundo. Ubao mzima hujibu kwa sauti nzito, uliochimbwa hulia kama ngoma. Ikiwa msumari mnene unaingia kwa kusukumwa kwa mkono tu, usipoteze mastiki wala rangi: ubao huo ubadilishwe. Tundu moja au mawili hayaangushi nyumba, lakini sheveroni inayobeba manjanja ikiwa na matundu sita yaliyoungana kwa ndani si ya kuachwa hadi mvua za Septemba zifike na upepo wake.

Hatua ya nne: kuwatoa

Njia ninayoipendelea haihitaji dawa. Chukua kipande cha nailoni laini, kama ile ya kufungia mkate, ukikate kiwe mfuko mwembamba wenye urefu wa kiganja na ulio wazi pande mbili. Pigilia upande mmoja kuzunguka tundu kwa vijipini au misumari midogo, bila kuacha mwanya, na upande wa pili uache uning’inie chini. Nyuki anayetoka husukuma nailoni na kuangukia nje. Anayerudi hukuta nailoni imejilaza na mlango haupo. Fanya kazi hiyo jioni giza likianza kuingia, wakati wametulia, ukivaa nguo ya mikono mirefu na glavu. Baada ya siku mbili tatu utaona mama akizunguka pale, akigonga ubao, kisha ataondoka. Katika siku hizo chunguza ubao wa jirani kila asubuhi, kwa kuwa anaweza kujaribu kuanza upya papo hapo. Ukimwona anaanza kukwangua, ufunike mahali hapo kwa kipande cha bati au tripleksi (plaiwudi).

Nailoni ibaki muda gani? Mtoto wa nyuki huyu huchukua mwezi mmoja na zaidi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo iache miezi miwili. Najua ni muda mrefu, na mwenye nyumba huona aibu kuwa na vijifuko vinavyopepea mbele ya baraza, lakini muda huo huokoa ubao. Ni vizuri kuianza kazi mwanzoni mwa Juni, kiangazi kikianza, ili Agosti mbao zikiwa bado kavu uweze kuziba na kupaka rangi.

Wapo ambao hawawezi kusubiri, hasa kama matundu yapo juu ya kitanda cha mtoto au kama mtu wa nyumbani huvimba anapochomwa na nyuki. Kwa hao dawa ya unga yenye permethrini au deltamethrini hufaa kuliko ya kupulizia, kwa sababu nyuki huubeba unga kwa miguu yake hadi vyumba vya ndani. Hupulizwa kidogo ndani ya tundu wakati wa usiku, kwa chupa laini ya plastiki yenye mdomo mwembamba, mtu akiwa amefunika pua na mdomo, na watoto na kuku wakiwa mbali. Tundu huachwa wazi kwa siku kadhaa ili kila anayepita aguse dawa. Nunua tu dawa iliyo katika pakiti yake yenye maandishi, uyasome yote. Zile zinazouzwa sokoni katika vichupa visivyo na jina, zilizopunguzwa kutoka dawa za shambani, usizilete ndani ya nyumba ambamo watu hulala.

Kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo miongozo ya nchi nyingine hailitaji. Familia nyingi za Goma huchota maji ya mvua kutoka kwenye mabati, na mfereji wa maji hupigiliwa kwenye ubao uleule wa ukingo wa paa ambao nyuki huupenda kuliko mbao zote. Dawa inayopulizwa hapo hushuka na mvua ya kwanza hadi kwenye pipa la maji ya kunywa. Ikiwa huwezi kuutenga mfereji na pipa, rudi kwenye nailoni.

Mafuta ya taa, petroli na moto visitumike kamwe. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alimwaga mafuta ya taa ndani ya tundu la nguzo ya baraza, kisha akasogeza mshumaa ili aone kama nyuki amekufa. Njia ya nyuki ilikuwa imejaa unga mkavu wa mbao, na moto ulipita ndani yake kama ndani ya bomba la jiko, ukatokea upande wa pili, chini ya manjanja, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuufikia kwa ndoo. Majirani waliuzima kwa kung’oa mbao. Katika mitaa ambayo nyumba hugusana ukuta kwa ukuta, moto wa nyumba moja ni moto wa barabara nzima. Nilimsikia mama yake akimwambia, “Baba, nyuki angetobolea nguzo hii miaka kumi, na wewe umeimaliza kwa dakika kumi.”

Hatua ya tano: kuziba

Utakapokuwa na uhakika kwamba hakuna anayeingia wala kutoka kwa wiki nzima, ondoa nailoni na usafishe tundu kwa waya uliopindwa, ukitoa unga na mabaki ya ndani. Sindilia nyuzi za chuma zile za kusugulia sufuria, au wavu wa mbu wa chuma uliokunjwa, hadi mahali njia inapopinda. Kisha chonga kipande cha mti mgumu, mpini wa zamani wa jembe unafaa sana, kiwe na unene wa tundu, kipake kola, yaani gundi, ya mbao na ukigonge ndani hadi kibane. Kata kinachobaki nje, funika kwa mastiki ya mbao, na ikikauka isugue kwa msasa mpaka kidole kikipita kisihisi mahali palipozibwa. Karatasi, sabuni au udongo pekee hautoshi. Nyuki huvitoa kwa asubuhi moja.

Hatua ya sita: kupaka rangi

Hii ndiyo hatua ambayo watu huikwepa kwa sababu ya gharama, na ndiyo inayofanya nyingine zote ziwe na maana. Nyuki huyu hupendelea ubao mtupu, mkavu na uliopaushwa na jua. Rangi ya mafuta iliyopakwa mara mbili humfanya aende kutafuta kwingine mara nyingi kuliko dawa yoyote. Vernisi husaidia kwa kiasi kidogo, lakini huchakaa upesi upande unaopigwa na jua. Kama fedha hazitoshi nyumba nzima, anza na ukingo wa paa, ncha za sheveroni na sehemu za chini za mbao za madirisha, kwa kuwa huko ndiko anakoanzia. Na anayejenga upya azipake mbao rangi pande zote nne na kwenye ncha zilizokatwa kabla ya kuzipigilia, kwa sababu zikishapigiliwa upande wa nyuma haufikiki tena.

Wengi hapa hupaka mafuta machafu ya gari. Ni kweli yanazuia maji kwa muda, lakini huchafua nguo na mikono ya watoto, huongeza hatari ya moto, na yanapooshwa na mvua hushuka katika mianya ya jiwe la lava kuelekea ziwa ambalo wengi wetu huchota maji. Siwezi kuyashauri.

Hatua ya saba: kumpa mahali pengine

Msomaji anaweza kushangaa kwamba nawaombea makao wale ninaofundisha kuwafukuza. Lakini mwenye marakuja, yaani pasheni, atanielewa. Ua la marakuja hufunguka kwa siku moja tu, na vichwa vyake vya chavua vimeinuliwa juu kiasi kwamba nyuki mdogo wa asali huweza kunywa au kuiba chavua na kuondoka bila kugusa panapopokea chavua. Mtoboa mbao ana mgongo mpana unaofika pale pale, na akitoka kwenye ua hilo mgongo wake huwa wa manjano kwa chavua anayoipeleka kwenye lingine. Nchini Brazili wakulima wa marakuja huwawekea nyuki hawa magogo na masanduku kwa makusudi. Mimi nilipowafukuza wote, marakuja yaliyofunika ukuta wa jikoni yalichanua vizuri na kutoa matunda machache sana.

Kwa hiyo mwishoni mwa kiwanja, karibu na marakuja na mbali na nyumba kadiri nafasi inavyoruhusu, ning’iniza gogo kavu la mti laini, lisilo na rangi wala dawa, likiwa limelazwa na kufunikwa kwa kipande cha zamani cha bati ili lisilowe. Toboa matundu mawili au matatu ya kuanzia, yenye upana wa sentimita 1.2 na kina cha kidole. Vipande vya mianzi mikavu vyenye fundo upande mmoja, vikifungwa pamoja na kuelekezwa mahali jua la asubuhi linapofika, hukubaliwa pia. Liweke gogo hilo kabla ya kufunga nailoni kwenye nyumba, ili mama anayekosa mlango apate pa kwenda.

Jike akikuchoma, jua kwamba haachi mwiba ndani ya ngozi kama nyuki wa asali, na anaweza kuchoma tena. Ondoka hapo kwanza, osha kwa sabuni, kisha weka kitambaa cha maji baridi. Uso ukivimba, ngozi ikitoka mabaka mwilini au pumzi ikibana, mtu apelekwe kituo cha afya mara moja bila kusubiri kesho.

Baada ya hayo yote linabaki zoezi la robo saa. Mara moja kwa mwezi, na mara mbili katika wiki za kwanza za kiangazi, fagia chini ya ukingo wa paa jioni na urudi kutazama asubuhi. Unga mpya juu ya jiwe jeusi la lava huonekana hata kwa mbali. Ukiuona, panda juu siku hiyohiyo: tundu la siku moja halijafika mapindo, halina yai, na huzibwa kwa kipande cha mti na kola bila kusubiri miezi miwili.